Asionekane

Watu wote walimwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Jina lilianzia kwa watoto wa mdogo wake, daktari mwenye kliniki, ambao zamani wakitoka shule waliingia mapokezi wakipiga kelele, "Shangazi, tuna njaa!" mbele ya wagonjwa. Wagonjwa wakalichukua. Watoto wakakua wakaondoka, jina likabaki. Mtu aliyepiga simu na kumwulizia kwa jina lake la kuzaliwa alijulikana papo hapo kuwa ni mgeni.

Mdogo wake naye alikuwa na lake. Mgonjwa akifika hana kitu, daktari alimtibu kwanza, kisha akamshika bega na kumwambia, "Utaleta baadaye." Wengine walileta. Wengi baadaye yao haikufika. Mtaani watu wakazoea kuelekezana, "Mtoto anaungua hivyo unangoja nini? Mpeleke kwa Baadaye!" Daktari alicheka aliposikia. Shangazi hakucheka, maana yeye ndiye aliyekaa mezani na wauza dawa na wafanyakazi kila mwisho wa mwezi, akiwatafutia maneno.

Kliniki yenyewe ilikuwa nyumba ya kuishi iliyogeuzwa. Sebule ndiyo mapokezi, yenye mabenchi ya mbao yaliyong'aa kwa kukaliwa. Chumba cha mbele ndicho cha daktari. Jiko lilikuwa maabara, na kwenye rafu ya vyombo zilipangwa chupa za vipimo. Stoo ndimo yalimokaa mafaili, yakipanda hadi darini. Ukivuta la chini, la juu linakushukia kichwani. Panya walikuwa wamezaa kwenye herufi M, na kila mwenye herufi hiyo alifunguliwa faili jipya kila akija, kana kwamba ndiyo kwanza azaliwe.

Daktari alikuwa na mazoea yake. Akimaliza mgonjwa mmoja hakuita mwingine kwa kengele wala kwa sauti. Aliinuka, akafungua mlango, akasimama pale akitazama mabenchi kimya, kama mtu anayetafuta ufunguo. Kisha akanyoosha kidole: "Wewe mama wa kanga ya kijani, njoo." Mama wa kanga ya kijani pengine alikuwa ndiyo kwanza aingie. Waliotangulia walinung'unika, lakini kwa sauti ya chini, kwa kuwa kila mmoja alijua kuna siku na yeye angenyooshewa kidole. Siku zilivyokwenda, kuinuka huko kukawa kazi. Magoti ya daktari yalikuwa yameisha. Kutoka mezani kwake Shangazi alisikia kiti kikisukumwa, kisha mguno, kisha ukimya wa mtu anayengoja maumivu yapite, ndipo mlango ufunguke. Kila mguno ule ulimchoma. Yeye ndiye aliyembeba mgongoni wakiwa wadogo. Mzigo wa mtu uliyembeba hauishi mgongoni.

Kampuni za bima ndizo zilizowaamsha. Kwa miaka kliniki ilijaza fomu za madai kwa mkono na kuzipeleka, na kwa miaka zilirudi. Hii mwandiko hausomeki. Hii haina namba ya ugonjwa. Hii imechelewa. Mwandiko wa daktari ulikuwa nyayo za kuku zilizokanyagwa na bata, na Shangazi peke yake ndiye aliyeusoma. Halafu bima zote, kana kwamba zimeambizana, zikatangaza kwamba kuanzia mwaka mpya hazipokei karatasi tena. Anayetaka kulipwa atumie kompyuta.

"Basi tutafute hiyo kompyuta," daktari alisema.

"Kompyuta tunazo, mdogo wangu. Kinachotafutwa ni mfumo."

"Na mfumo unauzwa wapi?"

Ulikuwa unauzwa kila mahali. Wa kwanza kuja alikuwa kijana wa suti, aliyeongea kama mtu anayekimbia mvua. Alifungua kompyuta yake, akaonyesha rangi, duara na mishale, na alipofika kwenye sehemu aliyoiita moyo wa mfumo, umeme ukakatika na mtandao ukaenda nao. Kijana hakusimama. Aliendelea kueleza akichora hewani kwa vidole, "Hapa sasa mngeona jina, na huku mngeona deni." Daktari akamwuliza kwa upole, "Na mwanangu, giza likiingia namna hii, mfumo unasemaje?" Kijana akafunga kompyuta. Kwa wiki nzima wafanyakazi walichekeana wakichora hewani.

Wa pili alikuwa mama mmoja aliyewahi kuwa muuguzi. Hakuwa na mengi. Mfumo wake ulikuwa mweupe, mtupu, na maandishi makubwa. "Mgonjwa anaingia kwa lolote mlilonalo," alisema. "Hana kadi, ingiza jina. Hana jina, andika mwanamume, kaanguka barabarani. Anafika kwa daktari. Malipo yana ukurasa wake, yatamfuata." Daktari alivuta kiti karibu. Shangazi akauliza kuhusu bima. Mama muuguzi hakuficha: mfumo wake haukuungana na bima. Kila dai lingelazimika kuandikwa tena upya kwenye tovuti ya kila kampuni, moja baada ya jingine. Shangazi aliangalia mikono yake mwenyewe.

Wa tatu ulikuwa ule ambao bima zenyewe ziliusifu. Aliyekuja nao alikuwa mtaalamu mtulivu, asiye na papara, aliyeomba kwanza aonyeshwe stoo. Akatazama mafaili, akatazama rundo la madai yaliyorudishwa, akatikisa kichwa kama mtu aliyefika msibani. "Shangazi, poleni sana," alisema. Hakuna mtu aliyekuwa amempa pole kwa ile stoo. Akaketi, akamwonyesha: mgonjwa anatoa kadi, mapokezi inaisoma, bima inajibu papo hapo, jina linatokea mbele ya daktari, daktari anabofya ugonjwa, dai linaondoka lenyewe. Jioni hakuna cha kuandika.

Siku hiyo wafanyakazi walipoondoka, ndugu wawili walibaki chumbani kwa daktari. Daktari alikuwa amevua viatu na kuinua mguu juu ya ngazi ya kitanda cha wagonjwa.

"Mimi mfumo wa yule mama nimeupenda," alisema.

"Umeupenda kwa sababu umefanana na wewe. Mlango wazi, kila mtu apite."

"Ni vibaya?"

"Si vibaya. Ila mlango wazi hauliki. Wale watu pale nje wana watoto."

Daktari alisugua goti. Shangazi akasogea karibu, akalainisha sauti.

"Na kuna hili. Huu wa tatu unakuletea majina hapo mezani. Huinuki tena. Ukiona jina, unabofya, binti wa mapokezi anamleta. Nakusikia kila siku unavyoguna, mdogo wangu. Unafikiri sisikii?"

"Nikisimama pale mlangoni, dada, naona."

"Unaona nini?"

Alifikiri. "Sijui. Mtu anavyokaa. Anavyoshika mkoba."

"Utamwona akiingia."

Daktari akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayeweka mzigo chini. "Haya. Chagua wewe, dada. Mimi nimechoka."

Akachagua. Mtaalamu akarudi na kompyuta yake, akakaa naye mapokezi kupanga mfumo uwe kama wanavyotaka. Yalikuwa maswali mengi, madogo madogo. Kliniki inafunguliwa saa ngapi. Risiti iwe na anwani au isiwe nayo. Kisha akauliza, macho yake yakiwa kwenye skrini, "Mgonjwa ambaye malipo yake hayajathibitishwa, aonekane kwenye foleni ya daktari, au asionekane?"

"Akionekana inakuwaje?"

"Daktari atamwita, atamtibu, na nyinyi mtahangaika na malipo baadaye."

Lile neno lilimwingia kama mwiba. Akaona sura za wauza dawa. Akaona mdogo wake akimshika mtu bega. Ulikuwa ni mlango mmoja tu wa kufunga, na kwa mara ya kwanza kitasa kilikuwa mkononi mwake yeye.

"Asionekane," alisema.

Mtaalamu akabofya, wakaingia kwenye suala la rangi ya risiti.

Mwanzoni ilikuwa vicheko. Daktari aliandika kwa vidole viwili kama kuku anayedonoa mtama, na wagonjwa walimsaidia kutafuta herufi. "Hiyo hapo, daktari, chini ya kidole chako." Lakini madai yakaanza kulipwa. Yalirudi yamekubaliwa, kimya kimya, bila simu na bila kusihi mtu. Mishahara ikatoka siku yake. Fundi wa maabara, mtu wa kununa tangu kuajiriwa, alisikika akiimba. Shangazi aliajiri binti wa mapokezi, msichana mwepesi wa mikono, akamfundisha mfumo na akamwonya, "Kadi ya mtu isiposoma, usimlazimishe aingie. Utatuvurugia madai." Yeye mwenyewe akahamia meza ya nyuma, kwenye madai. Kiti cha daktari hakikusukumwa tena. Mguno haukusikika tena. Shangazi akijilaza nyumbani kwake alijiambia kwamba hata angekufa kesho, hili moja angekuwa amelifanya vizuri.

Fundi friji alikuja asubuhi ya siku ya kazi kama nyingine. Alikuwa mtu wao. Miaka yote friji la chanjo lilipozimika, aliitwa yeye, akaja hata siku ya mapumziko, akalala sakafuni na tochi mdomoni. Mkewe ndiye aliyewashonea wafanyakazi sare. Alikuwa mtu mpole, asiyependa kusumbua. Ukimwuliza hali, hata kama nyumba inaungua, angesema nzuri.

Shangazi alipita mapokezi akienda stoo, ambako mtaalamu alikuwa akimngoja washughulikie madai machache yaliyokwama. Akamwona benchini, amejiegemeza ukutani, shati limelowa.

"Fundi! Umekuja kutuonea friji? Mbona halijagoma?"

"Hapana, Shangazi. Leo nimekuja mwenyewe."

"Haa! Leo mgonjwa ni wewe! Jua la leo si mchezo, umelowa kama umetoka kuoga."

Akatabasamu. "Kali kweli."

"Haya, tulia. Ukishaingia kwenye mfumo utaitwa."

Akapita. Baadaye, kila alipoyakumbuka maneno hayo, kilichomuumiza si maneno yenyewe, bali kwamba aliyasema akiwa anatembea. Hakusimama.

Yaliyofuata aliyasikia kwa binti. Kadi ya fundi ilisomwa, bima ikajibu kwamba haijathibitishwa. Chama chao cha mafundi kilikuwa kimechelewa kupeleka michango. Binti alimweleza kwa adabu. Fundi akasema si neno, amempigia mkewe, atatuma pesa kwa simu, asubiri tu. Binti akajaribu kadi tena, na tena. Hakukuwa na kukasirika, hakuna aliyepandisha sauti. Wagonjwa waliokuja nyuma yake, kadi zao zikasoma, wakaingia, wakatoka. Mapokezi ikatulia. Fundi akabaki na mama mmoja aliyekuwa akingoja majibu ya maabara. Aliomba maji, akapewa, akashukuru. Alikiweka kikombe cha maji pembeni bila kunywa.

Na ndani, nyuma ya mlango ule ule, hatua chache tu, daktari alitazama skrini. Foleni ilikuwa tupu. Akaona leo watu wamepona. Akanyoosha miguu, akafunua gazeti.

Kilichomtoa Shangazi stoo kilikuwa ukelele wa yule mama. Alipofika, fundi alikuwa ameteleza kutoka benchini, shavu liko sakafuni. Mlango wa daktari ukafunguka. Alitoka na gazeti bado mkononi, akaona, akalitupa. Akapiga magoti, yale magoti, sakafu ikalia. Akamgeuza, akamfungua shati, akaanza kumkandamiza kifua kwa mikono miwili, akihesabu kwa sauti kama mwalimu wa watoto. Fundi wa maabara akaleta mtungi wa oksijeni. Binti akapiga simu kuita gari la wagonjwa, akakosea namba, akapiga tena. Daktari hakuacha. Jasho lilimdondoka kwenye kifua cha fundi. Gari lilipofika, waliokuja nalo walitazama, wakatazamana, na mkubwa wao akamwekea daktari mkono begani na kusema, "Daktari. Inatosha."

Hakuweza kuinuka. Wakamsaidia, huku na huku. Akasimama akishika ukingo wa meza ya mapokezi.

"Amefika sasa hivi?" aliuliza.

Binti aliinamisha macho kwenye skrini.

"Nauliza, amefika sasa hivi?"

Mama wa majibu ya maabara ndiye aliyesema, "Mimi nimemkuta hapa, daktari. Nimekuja nikamkuta, nikapimwa damu, nikarudi nikamkuta."

Binti akaanza kulia. Daktari akamwangalia, kisha akamgeukia dada yake, na usoni hakukuwa na hasira. Kulikuwa na mshangao mtupu, kama wa mtoto aliyepigwa bila kujua kosa.

"Dada," alisema, "mimi nilikuwa nimekaa bure. Nilikuwa sina mtu. Nilikuwa nasoma gazeti."

Mtaalamu alikuwa amesimama mlangoni mwa stoo muda wote. Siku ya pili alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya kusaidia kweli, wala Shangazi hakuweza kumchukia. "Nimeangalia kumbukumbu, Shangazi. Kwa sababu kadi haikupita, hakuna hudhurio, yaani rekodi ya kufika, lililofunguliwa. Kimfumo, yule mgonjwa hakufika kwenu. Mkiulizwa, hamna cha kueleza."

"Alifia hapa sakafuni, baba. Ulimwona."

"Nasema kimfumo tu, Shangazi."

Baada ya mazishi mke wa fundi alikuja, ameongozana na shemeji yake, mwanamume mrefu aliyekataa kuketi. Mke aliketi. Alikuwa na tepu ya kupimia nguo shingoni. Pengine aliivaa kwa mazoea asubuhi hiyo bila kujua. Alisalimia vizuri, akauliza hali ya daktari, kisha akasema:

"Shangazi, wengine wananiambia alianguka njiani wakamleta hapa amekwisha. Wengine wananiambia vingine. Nataka kujua tu. Alifika?"

Shangazi alikuwa na maneno ya mtaalamu tayari kinywani. Yalikuwa mepesi, yalikuwa karibu kweli. Akayameza.

"Alifika. Kwa miguu yake. Alikaa pale. Mimi mwenyewe nilimsalimia nikapita. Daktari hakuambiwa, kwa sababu kadi haikusoma, na mfumo haumwonyeshi mtu ambaye kadi haikusoma. Daktari alikuwa ndani, hana mgonjwa."

"Hana mgonjwa," shemeji alirudia, kwa sauti ya chini. "Amekaa bure?"

"Amekaa bure."

"Na huo mfumo nani aliupanga hivyo?"

"Mimi."

Shemeji alitoka nje. Walimsikia akipiga ukuta wa nyumba kwa kiganja, mara moja, basi. Mke hakulia. Alikuwa akiiviringisha tepu kidoleni na kuiviringua.

"Nilimwambia angoje nimalize kukata kitambaa twende wote hospitali kubwa," alisema. "Akaniambia, hospitali kubwa watanizungusha na makaratasi. Naenda kwa Baadaye. Kule hata nikiwa sina kitu watanishika." Akanyanyua uso. "Hakukuwa na neno jingine alilosema, Shangazi? Pale alipokuwa amekaa?"

"Alisema jua kali."

Mke akaitikia kwa kichwa, taratibu, kana kwamba lilikuwa jambo la kwenda nalo nyumbani. Akaaga.

Jioni ile ile Shangazi alimpigia mtaalamu, akamwambia wagonjwa wote waonekane, kadi isome isisome. Alidhani itachukua siku, kwamba watalazimika kuja na vifaa. Mtaalamu akamwelekeza kwa simu: fungua hapa, shuka chini, ondoa ile alama ya tiki. "Ndiyo hivyo tu, Shangazi. Imekwisha." Ilikuwa imekwisha kweli. Chai aliyoiacha mezani ilikuwa bado inafuka. Akakaa akiitazama ile tiki isiyokuwapo mpaka chai ikapoa.

Baraza la madaktari liliunda watu wa kuchunguza. Wakaja, wakauliza, wakaandika. Binti alikuwa amefuata maelekezo. Mfumo ulikuwa umefuata mpango. Mpango ulikuwa wa kawaida, kliniki nyingi zilikuwa nao. Daktari hakuwa na taarifa. Hawakumwona mwenye kosa. Shangazi alisoma maamuzi yao akitafuta jina lake, kama mtu anayetafuta mzigo wake uliopotea kituoni. Halikuwemo. Hakukuwa na mahali pa kuuweka ule mzigo isipokuwa kuubeba.

Daktari alirudi kazini. Sasa foleni yote ilikuwa wazi mbele yake, lakini hakuiamini. Aliinuka na kufungua mlango. Alikuwa katikati ya kumpima mtu kifua, akaacha, akainuka, akafungua mlango, akatazama mabenchi. Akarudi, akasikiliza pumzi mbili, akainuka tena. Mguno ulirudi, mara nyingi kuliko mwanzo, na Shangazi mezani kwake aliuma kitambaa. Wagonjwa wakaanza kuogopa. Mwenye mafua aliandikiwa aende hospitali kubwa apimwe moyo. Mtoto mwenye upele, hospitali kubwa. Mama mmoja mzee akamwambia waziwazi, "Mwanangu, zamani ukinishika mkono nilipona nusu. Sasa ukinishika naona unatetemeka wewe." Binti wa mapokezi aliondoka mwisho wa mwezi bila kuaga. Wakasikia anauza viatu mahali.

Siku moja Shangazi alimfuata daktari nyumbani kwake, kwa kuwa hakuwa amekuja kazini. Alimkuta ameketi kitandani amevaa tayari, mkoba uko mapajani.

"Nitukane," alimwambia. Alikuwa amesimama mlangoni, hakuthubutu kuingia. "Mdogo wangu, nakuomba. Nitukane hata neno moja. Uliniambia ukisimama pale unaona. Sikukusikiliza. Nitukane tuishe."

Daktari aliinua uso.

"Ulinihurumia magoti, dada. Nitakutukania nini?"

"Basi niambie unanichukia."

"Ningekuchukia ingekuwa rahisi." Akaushusha mkoba chini, akaulaza vizuri kama mtu anayemlaza mtoto. "Siwezi kurudi pale. Nikikaa kwenye kile kiti, mlango ukiwa umefungwa, namsikia amekaa. Hasemi kitu. Amekaa tu."

Waliiuza. Kampuni yenye kliniki nyingi ilituma watu wawili, wakakagua paa na mabomba, wakaguna kuhusu sinki la maabara. Walipofika kwenye kompyuta, nyuso zao zikafunguka. Madai yalikuwa yamepangika, hudhurio kwa hudhurio, hakuna pengo. "Ni nadra kukuta kumbukumbu safi namna hii," mmoja alisema. "Nani aliusimamia mfumo?" Wakamwomba abaki, awe msimamizi wa madai, na kwa wakati wake awafundishe wenzake wa kliniki nyingine. Shangazi alitaka kukataa. Lakini alikuwa na wajukuu wawili waliomtegemea yeye, na kazi nyingine hakuwa nayo. Akasema asante. Wakapaka kuta rangi, wakabadilisha mabenchi wakaweka viti vya plastiki, na mipango yote ya mfumo wakairudisha kama ilivyo kwenye kliniki zao zote. Alipouliza kuhusu ile alama ya tiki, iliyokuwa imerudi, aliambiwa ni utaratibu wa kampuni. Aliuliza tena mara ya pili, kwa maandishi. Aliambiwa hivyo hivyo, kwa maandishi.

Daktari alihamia kwa binti yake, mji mwingine, safari ya siku nzima. Hatibu mtu. Binti yake husema hukaa uani, na jirani akija kumwuliza dawa ya kikohozi, huingia ndani.

Kila Jumapili mchana Shangazi humpigia. Hupokea upesi, kana kwamba simu ilikuwa mkononi.

"Hujambo, mdogo wangu?"

"Sijambo, dada. Hujambo?"

"Sijambo. Umeshindaje?"

"Salama. Huko?"

"Huku salama. Watoto?"

"Wazima. Wako?"

"Wazima."

"Kazi?"

"Kazi nzuri."

"Haya."

"Haya."

Na hapo salamu huwa zimekwisha, zote, hata za kuazima. Hakuna anayekata. Shangazi hukaa pembeni ya kitanda simu ikiwa sikioni, akisikia mahali mbali mtu akipanga vyombo, na pumzi za mdogo wake zikiingia na kutoka, mpaka mmoja wao aseme amechoka.